Komeo limefungwa, mlango umeng'olewa

Ramadhani ya 2022 iliangukia Aprili, na Aprili huku kwetu Wakiso, Uganda, ni mvua. Usiku ule mvua ilipiga mabati kiasi kwamba ungemwita mtu wa chumba cha pili asikusikie. Nilipoamka saa kumi kupasha daku, nilihisi baridi miguuni kabla sijawasha taa. Pazia la sebuleni lilikuwa linapepea. Nikadhani nimesahau kufunga. Kuwasha taa, nikauona mlango wetu wa slaidi, ule wa vioo unaotokea uani kwenye migomba, umeegemezwa ukutani kwa nje. Mzima, bila ufa hata mmoja. Ulimi wa komeo ulikuwa bado umechomoza, vile vile nilivyoufunga kwa mkono wangu baada ya tarawehe.

Walichukua tivi, mtungi wa gesi na kompyuta ya kazi. Watoto wangu walikuwa wamelala hatua sita kutoka pale. Vitu nimeacha kuvihesabu, lakini hizo hatua sita bado naziona kila nikizima taa, na ndizo zinazonifanya niandike.

Asubuhi alikuja fundi wa alumini, mzee mmoja mtulivu. Hakuligusa komeo kabisa. Alipiga magoti, akatazama reli ya chini, kisha ya juu, akaniambia: "Mama, mlango huu uliingia kwa kuinuliwa, na kwa kuinuliwa ndivyo ulivyotoka." Akanionyesha. Mlango wa slaidi unapowekwa kwa mara ya kwanza, fundi huusukumia juu kwenye mfereji wa reli ya juu, kisha huuteremsha magurudumu yakakaa kwenye reli ya chini. Ndiyo maana juu lazima ibaki nafasi. Asipoiziba mtu, nafasi hiyo inabaki pale miaka yote, na mwizi mwenye bisibisi nene anaijua kuliko mwenye nyumba.

Kwangu kulikuwa na jambo la pili. Vumbi letu jekundu lilikuwa limejaa relini na magurudumu yamelika, hivyo mlango ulikuwa umeshuka na nafasi ya juu imezidi. Nilikuwa nauona mzito kuusukuma, nikadhani ni uzee tu. Mlango ukianza kukwaruza chini, usizoee. Safisha reli kwa brashi. Pembeni, chini ya fremu, milango mingi ina skrubu ndogo za kurekebisha magurudumu. Mwambie fundi azikaze mpaka mlango ukae juu lakini bado utembee. Magurudumu yaliyokufa yabadilishwe.

Usiku wa leo, kabla hujalala, funga mlango wako, shika fremu kwa mikono miwili, uinue. Ukipanda ukaanza kucheza chini, basi hata ukinunua komeo la bei gani, bado. Dawa yake ni skrubu mbili au tatu zenye vichwa vipana, zinazofungwa ndani ya mfereji wa reli ya juu, vichwa vikiachwa vimening'inia karibu kugusa mlango. Unatembea kama kawaida, ila hauinuki. Kazi ya nusu saa.

Halafu ile fimbo ya ufagio ambayo kila mtu anaisifia. Inasaidia, mimi pia ninayo, lakini ielewe. Ukiilaza kwenye reli ya ndani, inazuia kioo kinachotembea kwenye reli hiyo tu. Milango mingi ya hapa kwetu vioo vyote viwili vinatembea, na cha pili kiko kwenye reli ya nje, hakiijui fimbo yako. Kwa hiyo ongeza pini. Pale fremu mbili zinapopishana katikati, fundi atoboe tundu lipite fremu ya ndani na kuingia kidogo ya nje, likiinama kidogo kwenda chini ili pini isidondoke mlango ukitikiswa. Msumari mnene unatosha. Atoboe mwenye kujua, maana kioo kiko karibu na drili haina huruma.

Kuhusu kioo chenyewe, kile kigumu kinachovunjika vipande vidogo kama punje za mahindi kimewekwa kisikukate; hakimzuii mtu. Kinachomchelewesha ni kile cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, kwa sababu kikipasuka hubaki kimeshikana. Ni ghali, na mpangaji kama mimi hawezi kumbadilishia mwenye nyumba vioo.

Tuliweka geti la chuma la kukunja kwa ndani. Hapa nakusihi sana: ufunguo wa kufuli usilale chumbani kwako peke yako. Moto ukianza jikoni, nondo zile zile zinawafungia wanao. Wetu unaning'inia kwenye msumari ambao hata mdogo wa miaka saba anaufikia, lakini mbali na dirisha, maana wezi huvua vitu kwa mti mrefu wenye ndoano. Fimbo na pini pia watoto wafundishwe kuzitoa gizani. Tumefanya mazoezi taa zimezimwa.

Taa ya sola ya uani nimeielekeza kwenye mlango ule, kwa sababu umeme ukikatika ndipo kazi yao inapoanza. Ngazi ya mafundi iliyokuwa imesahauliwa nyuma imeingia stoo. Na mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, sasa ana namba yangu, nami ninayo yake. Aliyefika wa kwanza siku ile alikuwa yeye na jirani wa geti la bluu, kabla hata sijamaliza kueleza. Polisi hapa Uganda ni 999 au 112, bure. Ukiandikisha kesi, omba namba ya SD, yaani namba ya kesi yako katika daftari la kituo cha polisi, uitunze.

Mwenye nyumba alikubali kulipia magurudumu na skrubu, nikamkatia kwenye kodi ya mwezi uliofuata. Mwombe na wako. Akikataa, lipa mwenyewe wiki hii hii.