Barua kwa mwanangu aliyeko Abu Dhabi

Marahaba binti yangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, kwamba wamekupa nafasi utoke mgahawani hapo hotelini uende kuhudumia wageni kule getini kwenye paki yenyewe ya michezo, mshahara ule ule, na unaniuliza baba nikubali, alafu hivi kweli mtu aliyeanza kwa kupangusa meza anaweza kuja kuwa bosi wa paki nzima ama ni stori tu za kututia moyo.

Basi mmoja namjua, si kwa kuonana lakini. George Kalogridis, kijana wa Florida huko Marekani. 1971 Walt Disney World, zile hoteli na paki za kampuni ya Disney, inafunguliwa yeye akaingia hoteli yao ya Contemporary kuondoa masahani, hata weita hajawa. 2013 akawa rais wa hapo hapo, wafanyakazi zaidi ya elfu 70 chini yake. Miaka 42 hiyo.

Sasa watu wakishasikia hapo wanapiga makofi wanaondoka, na utamu wenyewe uko katikati. Alipanda hotelini, sawa, alafu akaingia Epcot ambayo ni paki si hoteli, akaja akapelekwa Ufaransa kusimamia shughuli za Disneyland Paris, 2009 wakampa Disneyland ya California, ile paki kongwe ya 1955 na mwenzake iliyo jirani, akiwa huko ndio wakafungua Cars Land 2012, sehemu ya ile filamu ya katuni ya magari. Manake hoteli na paki ni kazi mbili tofauti. Wa hotelini mgeni utamuona asubuhi kwenye chai na jioni tena, ukikosea jana leo unamtuliza, wa paki ana siku moja tu, kajipanga foleni na watoto kwenye jua, mchezo ukiharibika au mvua ikishuka una dakika chache kabla hajakasirika. Anayezijua zote mbili hawamuachi, kwa sababu mgeni anayelala kwao na kucheza kwao pesa yote inabaki kwao.

Na bahati alikuwa nayo, tusidanganyane. Alipoingia pale ilikuwa paki moja, alafu 1982 wakafungua Epcot, 1989 nyingine, 1998 Animal Kingdom, na kila ikifunguliwa wanatafuta mabosi. (Hiyo ya 1998 ina kijiji wamekiita Harambe, wameigiza Lamu yetu, watu wanakata tiketi kuangalia kuta zilizobanduka chokaa! Mie nilicheka sana.)

Ndio nakwambia angalia hapo ulipo. Hapo Abu Dhabi kisiwani Yas ilianza paki ya Ferrari World 2010, ikaja Warner Bros 2018, SeaWorld 2023, na Disney wenyewe walitangaza 2025 kwamba watakuja hapo hapo. Kule kunajengwa bado mwanangu.

Mie wakati wangu, hoteli niliyofanya hapa pwani, meneja aliniita akanambia hamia frontofisi, mshahara huo huo. Nikakataa kwa ajili ya tipu, sizoni ile wageni walikuwa wengi na nyie mnaenda shule, nikaona frontofisi nani atanipa kitu. Akaenda mwenzangu tuliyekuwa tukila sinia moja. Yeye alistaafu akiwa meneja wa hoteli, mie hed weita. Si kwamba najuta kila siku lakini ile siku naikumbuka mpaka shati nililovaa.

Kwa hiyo nenda, ila tipu utazikosa hilo ulijue, punguza kututumia hata miezi mitatu tutavumilia. Kabla ya kusaini uliza kama unaweza kurudi upande wa hoteli ukiwa umepanda cheo, na nani atakuwa anaandika ripoti yako ya kazi, ni bosi wako wa zamani au mpya, na uhakikishe makaratasi ya kazi yanabadilishwa kwa maandishi si kwa mdomo.

Mamako anauliza hiyo kazi mpya ina shifti ya usiku? Mpigie yeye, mie nimeshachoka kuulizwa.