Mara tatu nilinunua malaria: ndugu yako mwanajeshi akizama kwenye pombe

Karatasi ya kliniki ya kusema mtu ana malaria nilinunua shilingi 500. Kaka yangu, mwanajeshi wa KDF, yaani jeshi la Kenya, alitakiwa kuripoti kambini Jumapili jioni, na saa nane mchana alikuwa bado sakafuni sebuleni kwangu hapa Free Area, Nakuru, buti miguuni, hajui ni siku gani. Nikampata mtu wa kliniki akaniandikia. Mama alipopiga simu kutoka Butere, naye nikamwambia ni malaria. Mwaka huo kaka yangu "aliugua" mara tatu.

Mlevi wa kawaida husemwa waziwazi, hata kwenye maombi ya Jumatano anatajwa. Wa jeshini hunyamaziwa. Sheria ya KDF ya mwaka 2012 inahesabu ulevi kuwa kosa, na mshahara wake ndio karo, ndio dawa za presha za Mama, ndio mabati. Basi kila mtu nyumbani ana sababu yake ya kufunga mdomo. Mimi nilikuwa na yangu: ada ya chuo ya binti yangu.

Halafu kuna hadithi ya Somalia. Jeshi letu liliingia huko Oktoba 2011, yeye akaenda baadaye, akarudi mzima. Habari za El Adde, kambi yetu huko Somalia iliyovamiwa na Al-Shabaab, zilipofika Januari 2016 alizima simu siku mbili, maana walikuwapo vijana aliofunzwa nao. Siwezi kusema hayo hayakumgusa; hadi leo mlango ukibamizwa anaruka. Lakini wifi yangu, mkewe, alinikata kauli siku moja nikimtetea: "Wifi, Baba Sharon alianza kunywa kantini kabla hajaiona hiyo Somalia." Alisema kweli. Vita vilitupa sababu ya kutomuuliza lolote. Na mtaani ndiko walikomaliza kazi: akishuka tu stejini, "Afande, njoo utupe stori!" na mzinga unafunguliwa. Watu wazima wanamnunulia pombe ili asimulie yale yale anayoyanywea asahau.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuja akiwa livu ya Aprili. Tulimfungia. Binamu wawili, komeo nje, uji, maji na Biblia ndani. Usiku wa kwanza alitoka jasho na mikono ikatetemeka. Tukasema vizuri, sumu inatoka. Asubuhi ya pili akaanguka kifafa, na hakuwahi kuwa na kifafa maishani mwake. Tulimkimbiza hospitalini kwenye Probox ya jirani.

Daktari hakunigombeza, ingawa nilistahili. Alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kufikia siku ya tatu au ya nne, wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwapo, moyo hukimbia, joto hupanda, na wapo wanaofia hapo. Kwa hiyo ukiona ndugu yako lazima atoe loki asubuhi, yaani anywe kwanza, ndipo mikono itulie, usimwachishe nyumbani. Mpeleke hospitalini, na useme ukweli anakunywa kiasi gani na tangu lini. Wakiona anahitaji, watampa dawa za kumtuliza na kuzipunguza pole pole, pamoja na vitamini B1. Hapo ndipo aibu ya familia inaweza kuua, ukisema "ni malaria tu".

Nilizungumza naye siku ya tano, asubuhi, akili imetulia, bila watoto wala binamu. Nilimwambia sinunui tena malaria. Akacheka, kisha akageukia ukutani. "Mkubwa akijua, nimeisha."

Wengi hukosea hapa kwa kumpigia mkubwa wake simu kisirisiri. Sikufanya hivyo, na bado naona nilifanya sawa. Jeshini kuna padri, mchungaji na imamu, na kuna madaktari. Akachagua padri. Alikwenda mwenyewe, padri akafuatana naye kwa daktari wa jeshi, matibabu yakaanzia hapo. Siwaahidi kwamba kila kambi itampokea hivyo. Ninalojua ni kwamba kujipeleka si sawa na kukamatwa amelewa zamu.

Wifi naye alipiga 1192, namba ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo hailipiwi. Hakuipiga kwa ajili ya mumewe. Alipiga kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa alikuwa amefika mahali pa kunusa vikombe vya chai. Kadi ya benki sasa anaishika yeye, kaka anaomba nauli kama mwanafunzi. Analalamika. Tumezoea.

Desemba aliteleza, siku mbili, akapiga simu mwenyewe. Hiyo sikuiandikia karatasi.

Akija livu simwachi ashuke stejini peke yake. Kutoka pale hadi langoni kwangu kuna baa tatu, na ya katikati bado inamdai. Namngoja kwa mama wa ndizi, tunapita njia ya nyuma, ile ya kanisani, ambayo ni ndefu na mvua ikinyesha haifai. Mwezi uliopita mtu akaita kutoka mbali, "Afande!" Akapunga mkono bila kugeuka, akaendelea kunilaumu kuhusu matope kwenye viatu vyake.