Kwa nini China iliingia vita vya Korea mwaka 1950

Ndugu, umeuliza kama China iliingia vitani Korea kwa ajili ya udugu wa kikomunisti tu. Udugu huo ulikuwepo, lakini kwa maoni yangu hofu ya mpaka ndiyo iliyokuwa na uzito zaidi. Majeshi ya Umoja wa Mataifa chini ya Jenerali MacArthur wa Marekani yalitua Inchon, Korea Kusini, Septemba 15, yakawarudisha nyuma Wakorea Kaskazini waliokuwa wameivamia Kusini, kisha yakauvuka mstari wa 38, uliozigawa Korea mbili, kuelekea mto Yalu, ambao ng'ambo yake ni Manchuria yenye viwanda vizito vya China.

Kabla Wamarekani hawajauvuka mstari huo, usiku wa manane wa kuamkia Oktoba 3, Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alimwita balozi wa India, Panikkar, akamweleza kwamba iwapo wangeuvuka, China isingekaa kimya. Washington ikaona ni vitisho vitupu, na hapo, naamini, ndipo nafasi ya kuvimaliza vita mapema ilipopotea. Kuanzia Oktoba 19 askari wa China chini ya kamanda Peng Dehuai waliuvuka Yalu nyakati za usiku, wakijificha mchana ili ndege zisiwaone, nao wakaitwa "wa kujitolea" ili China isihesabiwe kuwa imetangaza vita rasmi dhidi ya Marekani.

Serikali ya Kaskazini iliokolewa, lakini mapigano yaliendelea hadi Julai 27, 1953, karibu na mstari uleule. Seoul peke yake ilibadilisha mikono mara nne katika miezi tisa, na raia wengi walilazimika kukimbia.