Uliza Tujibizane: Saa nane ya usiku na macho makavu

SWALI

Asalam aleikum dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni hapa Lamu, mume wangu ni mvuvi. Wakati wa kaskazi mashine ya boti yao iliharibika wakakaa baharini siku mbili hatujui wako wapi, alhamdulillahi walirudi salama, lakini tangu siku zile usingizi ukanitoka, na sahii ni mwezi wa tano, mume yuko ubavuni mwangu anapumua vizuri tu na mimi niko macho. Naingia kitandani saa tatu ili niuwahi usingizi, nageuka huku nageuka huku, naangalia simu saa tano, naangalia saa sita na nusu, naangalia saa nane, kidogo ndo nasinzia na saa kumi lazima niamke nikaange mahamri manake wateja wa alfajiri hawangoji. Mchana naanguka kama gunia kuanzia saa saba mpaka Alasiri, hata watoto wakirudi chuo cha Kurani siwasikii. Jioni kichwa kizito, mwuza kahawa akipita mlangoni namtuma mtoto aniletee vikombe vitatu. Duka la dawa nilipewa Piriton, siku nne za kwanza nililala, sahii nameza mbili na sioni kitu. Jirani anasema ni jini, nimpe mtu elfu kumi na tano anisomee. Juzi nimejichoma mkono na mafuta ya karai. Nimechoka dada.

Mama Mahamri, Langoni

JIBU

Waaleikum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama hapo kwenye mkono uliochomeka, basi nianze hapo hapo. Hizi wiki mbili tatu zinazokuja usisimame peke yako mbele ya karai. Mumeo akiwa nyumbani mwambie aamke saa kumi na wewe, wewe ukande na kukata yeye akaange, na akiwa baharini tafuta dada au shemeji. Mafuta ya moto na mtu ambaye hajalala havikai pamoja.

Sasa usingizi. Kitu kilichokutoa usingizini ni ile boti na boti imerudi, mbona usingizi haujarudi? Hili ndo watu wengi hawalielewi wanabaki kutafuta jini. Kuna mtaalamu wa usingizi Marekani, Arthur Spielman, yeye na wenzake mwaka 1987 walieleza kwamba kukosa usingizi kwa muda mrefu kuna mambo matatu: ulivyoumbwa, wengine wetu ni wepesi wa kushtuka tangu utotoni, halafu tukio linaloanzisha, msiba, ugonjwa, hofu kama hiyo yako, halafu yale tunayoyafanya wenyewe kuukimbilia usingizi, na hayo ndo yanayobaki kuushikilia ugonjwa hata tukio lenyewe likiwa limepita zamani. Kwako wewe hayo ya tatu yako kwenye barua yako mwenyewe: kitandani saa tatu, simu kila baada ya saa, kulala mchana masaa, kahawa jioni. Sikulaumu hata kidogo. Kila moja ulilianza kwa sababu ulikuwa umechoka.

Nayajua haya. Nilipofiwa na mamangu Malindi nilirudi nyumbani nikakesha miezi minne, nalala chali nahesabu boriti za dari, zilikuwa kumi na saba, ya tano kutoka mlangoni ina ufa mrefu na kwenye ufa kuna uzi wa buibui unaotikisika feni ikigeuka. Mpaka leo nikifumba macho nauona. Sebuleni nikikaa tu nasinzia, nikigusa mto macho yanafunguka kama nimemwagiwa maji. Kitanda kilikuwa kimegeuka mahali pa kuwazia. Sasa mwaka 1972 mwanasaikolojia anaitwa Richard Bootzin alikuja na dawa ya hali hii na ni rahisi kuisema, ngumu kuifanya: usingizi usipokuja kama dakika ishirini hivi (usiangalie saa, kadiria tu) toka kitandani. Toka kabisa, nenda ukumbini ukae kwenye mwanga mdogo, fanya jambo la polepole, chagua mchele, kunja nguo, ukitaka tia udhu uswali rakaa mbili, na usirudi mpaka macho yenyewe yanakuwa mazito. Usipolala tena, toka tena. Usiku wa kwanza mimi nilitoka mara tano na nikalia. Wa tisa nilitoka mara moja.

La pili litakushangaza, nataka uchelewe kulala. Usingizi ni kama maji ya bahari, kutwa nzima yanajaa kidogo kidogo, kwenye ubongo kuna kitu kinaitwa adenosini kinajikusanya kadiri unavyokaa macho na ndicho kinacholeta ule uzito. Ukilala mchana masaa mawili matatu umeyafanya maji yapwe, usiku unataka kuelea na chombo kiko mchangani. Kwa hiyo kwa sasa usiingie kitandani kabla ya saa nne na nusu, na uamke saa kumi ile ile kila siku hata siku huuzi mahamri. Hayo ni masaa matano na nusu na usipunguze chini ya hapo. Ukiona wiki nzima karibu muda wote wa kitandani unalala, ingia robo saa mapema zaidi, wiki inayofuata robo saa tena, polepole mpaka ufike saa tatu, na saa tatu mpaka saa kumi ni masaa saba ambayo ndo mtu mzima anayahitaji kwa uchache. Qailula, ule usingizi mfupi wa mchana, siikatai, ni sunna na joto letu tunalijua, ila iwe dakika ishirini, kabla ya saa nane mchana, na simu ikuamshe. Wiki ya kwanza utajiona mchovu kuliko sahii, nakwambia mapema ili usikate tamaa. Na wasomaji wengine, mwenye kifafa au mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, au anayeendesha boda au boti, hili la kufupisha usingizi asilifanye bila daktari.

Simu isilale kwenye mto. Ukijua ni saa nane unaanza kupiga hesabu, nimebakisha mawili, na hesabu yenyewe ndo inakuamsha. Iweke dirishani kule, ilie saa kumi.

Kahawa tungu jamani, mi pia naipenda, ile sauti tu ya vikombe vikigongana kichochoroni inatosha kunitoa nje. Lakini kafeini inachukua kama masaa matano nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo kahawa ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado unayo, na vikombe vyako ni vitatu. Kunywa asubuhi baada ya kuuza, mchana ukome, na chai ya majani ni hivyo hivyo.

Piriton ni dawa ya aleji, kusinziza ni tabia yake ya pembeni na mwili unaizoea haraka sana, ndo maana siku nne zilikwisha ukapanda mbili. Iache. Na usije ukahamia vile vidonge vya usingizi anavyogawana mtu na jirani yake, vingine vinashika mtu na kuviacha ghafla ni hatari. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilisema mtu mzima mwenye tatizo hili la muda mrefu aanze kutibiwa kwa kubadilisha mazoea na mawazo, kabla ya vidonge. Muda mrefu maana yake angalau usiku tatu kwa wiki, miezi mitatu, na wewe umeshapita hapo.

Kuhusu jini, soma Ayatul Kursi yako, kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, ukitaka kunywa kunywa, sina neno. Elfu kumi na tano ni unga, ni mafuta, ni ada ya mtoto, hiyo iache mfukoni.

Jambo la mwisho, ongea na mumeo. Kwenye barua yote hukusema kama ameshawahi kujua ulivyopitia zile siku mbili. Muulize na yeye. Na kama zaidi ya kukosa usingizi huna hamu ya chakula, unalia ovyo, au unapitiwa na fikra kwamba bora usingekuwepo, usingoje wiki hata moja, nenda hospitali useme hivyo hivyo kama ulivyoniandikia mimi.

SWALI

Dada habari, mume wangu anaendesha tuktuk hapa Malindi, analala vizuri masaa manane lakini anakoroma nyumba nzima inasikia, halafu ghafla anakata pumzi, kimya, mi naogopa, halafu anashtuka kama aliyezama. Mchana anasinzia hata kwenye foleni. Ni uchovu tu?

Mke wa Tuktuk

JIBU

Hapana bibiye, huo si uchovu tu. Unavyoeleza inaonekana njia ya hewa inajifunga akilala, mwili unamwamsha apumue, na inaweza kutokea mara nyingi usiku mmoja bila yeye kukumbuka, kwa hiyo masaa manane ni ya jina tu. Hali hii huenda pamoja na presha na ni hatari kwa anayeendesha gari, basi akisinzia aegeshe, asijikaze na abiria nyuma. Alale ubavu, asinywe pombe wala vidonge vya usingizi, na apimwe presha wiki hii hii. Atakubishia kwamba hakoromi. Usiku wa leo mrekodi kwa simu dakika tano, asubuhi msikilizishe, na kwa daktari ingieni wawili ukiwa na hiyo simu mkononi.