Muulize Fundi: Bodi inasoma mara moja, kisha kimya

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni fundi umeme huku Mbalizi, Mbeya. Kuna mashine ya kusaga inatikisika kupita kiasi, nikaamua kuipima kwa Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu. Nimebandika sumaku kwenye shafti ya mota. Sensa ya sumaku, A3144, ikiiona inatoa pigo kwenye pini ya 2, na sensa ya mtikisiko, ADXL335, iko pini ya A0. Mwanzo nilitumia analogRead, amri ya kusoma volti, ndani ya loop, sehemu ya programu inayojirudia, namba zikawa zinacheza tu. Nikaipanga ADC, sehemu ya chipu inayogeuza volti kuwa namba, ianze yenyewe pigo likifika INT0, yaani ile pini ya 2. Sasa inasoma mara moja, halafu kimya mpaka nizime na kuwasha. Tena kuna wakati inasoma hata mashine ikiwa imesimama! Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba, fundi mwenzangu. Kuachana na analogRead umefanya sawa, usirudi huko. Mota ya nguzo nne kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 42 hivi. Programu ikichelewa milisekunde moja tu kwa sababu imeshikwa na Serial.print, amri ya kutuma maandishi kwenye kompyuta, shafti imeshasogea digrii nane na zaidi. Ila ADC ikiamshwa na pigo lenyewe, inakamata volti baada ya mikrosekunde 16 kwa mpangilio wa kawaida wa Arduino, na kila pigo ni 16 zile zile.

Sasa huo ukimya. ADC haiiangalii pini ya 2 moja kwa moja. Inaangalia bendera ya INT0, biti iitwayo INTF0, na inaanza kazi pale tu bendera inapopanda kutoka 0 kwenda 1. Pigo la kwanza limeipandisha. Intarapti ya INT0, yaani programu kukatizwa ili ishughulikie pigo, ikihudumiwa bendera hushuka yenyewe, lakini bila shaka wewe hukuiwasha, na kweli huihitaji. Basi bendera imebaki juu, mapigo yanayofuata yanakuta hakuna cha kupandisha. Ndani ya ISR(ADC_vect), kipande cha programu kinachoitwa ADC ikimaliza kusoma, ongeza mstari huu:

EIFR = bit(INTF0);

Ndiyo, unaandika 1 ili iwe 0. ATmega328P, chipu ya Uno, ndivyo ilivyoumbwa, tusigombane nayo.

Kusoma mashine ikiwa imesimama ni suala la waya. A3144 haitoi volti 5 yenyewe. Kazi yake ni kuvuta pini chini sumaku ikipita. Usipoweka rezista ya kuipandisha, pini inaelea na kuokota kila takataka ya umeme iliyo jirani. Weka kilo-omu 4.7 kati ya pini ya 2 na volti 5, na triga iwe kwenye ukingo wa kushuka. Waya wa pigo usokote pamoja na wa graundi, na usiupitishe sambamba na kebo ya mota. Hili la kebo mafundi wengi hulidharau, na ndilo linalowalaza macho.

Hata hivyo, pigo moja kwa usomaji mmoja halitakuonyesha mtikisiko, litakuonyesha nukta ile ile ya shafti kila mara. Unachotaka ni mzunguko mzima. ISR ikipata usomaji wa kwanza, ibadilishe biti za ADTS, zinazochagua kinachoiamsha ADC, ziwe 000 na uwashe ADSC, biti ya kuianzisha, ADC iendelee kusoma mfululizo. Kwa kasi yake ya kawaida, kama mara 9,600 kwa sekunde, utapata sampuli 400 kwa mzunguko mmoja. Hizo ni baiti 800, na RAM ya Uno ni baiti 2,048, zinaingia bila shida. Zikijaa, simamisha, zitume kwenye kompyuta kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde kama baiti ghafi, si maandishi. Zinachukua milisekunde 70 hivi, kwa hiyo utasoma mzunguko mmoja na kuruka miwili. Si hasara, mashine haibadiliki haraka hivyo. Lakini mapigo yaliyopita wakati unatuma yameshaipandisha tena bendera: ishushe kwanza, ndipo urudishe ADTS kwenye 010, la sivyo ADC itaanza hapo hapo bila kungoja pigo.

Kitu kingine, itazame bodi ya ADXL335 kwa karibu. Nyingi zina kapasita za mikrofaradi 0.1 kwenye X, Y na Z, nazo hukata kila kitu kinachozidi hezi 50 hivi. Shafti isiyo na uwiano itaonekana kwenye hezi 24, hapo uko salama. Beringi iliyochoka hutaiona; badilisha kapasita kwanza, weka ya mikrofaradi 0.01, utafika kama hezi 500.

Na hiyo sumaku, kama umeibandika kwa gundi ya haraka tu, izime mashine leo uifunge kwa epoksi na klipu ya mpira wa maji. Ikichomoka kwa kasi hiyo inaingia jicho la mtu.