Usimfiche mumeo mshahara

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza jambo zito. Tangu upandishwe cheo unapata 1,400,000 kwa mwezi, mumeo na ualimu wake 600,000, na shoga zako wa kazini wanakushauri umfiche, eti mwanaume akijua atabweteka. Umwambie au unyamaze?

Mwambie. Tena leo.

Mwaka 1996, baba yako alipopunguzwa kazi kiwandani hapa Tanga, vitumbua vyangu ndivyo vilivyotulisha. Faida nikaificha kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la mchele, kwa ushauri kama huo huo. Kodi ya nyumba ikafika, nikasema sina. Baba yako akauza baiskeli yake. Wiki mbili baadaye akalikuta kopo. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kumbe zilikuwepo?" Mwanangu, sauti ile naisikia mpaka leo. Kwamba namzidi kipato alikuwa anajua, na mchele wa vitumbua yeye ndiye aliyeupeleka mashineni kila jioni. Kilichomchoma ni kufanywa mgeni ndani ya nyumba yake.

Halafu hiyo nusu kwa nusu mliyoizoea mishahara yenu ilipokuwa inalingana, iacheni. Matumizi yenu ni 1,000,000. Akitoa 500,000 anabaki na laki moja ya nauli, na mama yake kijijini anamtegemea. Wewe unabaki na laki tisa. Toa 700,000, yeye 300,000. Hapo kila mmoja ametoa nusu ya alichonacho.

Utaambiwa matunzo ni ya mume. Ni kweli, dini yetu inasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtwika mume matunzo ya mkewe. Asivuliwe wajibu wake. Ila mchango si fedha peke yake: mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi na mumeo, anayemwogesha mtoto na kumlaza siku za zamu zako za usiku, mhesabie.

Hofu ya shoga zako si ya bure, wanaume wa namna hiyo nimewaona. Wako akianza kulegea, niite, nitapanda basi nije tuzungumze naye. Kikoba chako endelea nacho, ila ajue siku ya kuweka na siku ya kupokea.

Baba yako anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, na lile la kopo pia.

Mama yako