Usinunue Gunia Kabla Hujatikisa Chupa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arua, huku kwetu Uganda, aliniandikia: "Mama, mimi na majirani zangu tumechoka na bei za dukani. Nasikia nyinyi huko Bombo mnanunua kwa gunia mnagawana. Tuanzeje?" Ujumbe ulinikuta mikono imejaa vumbi la maharage. Tulikuwa ndiyo tumemaliza kugawana.

Nianze na habari njema. Tuko wanawake 14 wa mtaa mmoja. Gunia la maharage la kilo 100 tulilinunua Kisenyi, Kampala, kwa shilingi 340,000. Ongeza 20,000 za mbebaji na gari, kilo inakufikia nyumbani kwa 3,600, na duka lililo mbele ya nyumba yangu linauza 4,500. Kila mmoja kilo 7, zinabaki mbili. Hizo mbili hazina mwenyewe. Halafu kila mama anarudisha nusu kilo kutoka kwenye fungu lake, zinakuwa 9 zote pamoja. Wazee wa mtaa wetu wanaoishi peke yao wako nyumba 9. Jumamosi tulizipeleka kwa miguu, mlango kwa mlango. Haboba mmoja, yaani bibi mzee, aliyapima maharage kwa kiganja, akauliza kama safari hii ni yale yanayoiva upesi, maana ya mwezi uliopita yalimmalizia mkaa. Nilicheka, lakini ana haki. Ya kupewa nayo huliwa kwa mdomo.

Ukijumlisha na mchele, unga na mafuta, mimi nabakiwa na kama 30,000 kwa mwezi. Si utajiri. Ni Yaka yangu ya mwezi, umeme wa kulipia kabla, na chenji ya chumvi.

Sasa dada, ulitaka kujua tulivyoanza. Tulianza vibaya, na vibaya kwetu maana yake mimi.

Ilikuwa 2022. Nani amesahau mwaka ule? Sabuni ya mche, mafuta ya kupikia, sukari, kila ukienda dukani bei imehama. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.7 mwezi wa Oktoba. Rais Museveni alikuwa ameshatuambia mkate ukikosekana tule muhogo, na sisi tulikuwa tunaula muhogo tangu zamani, basi tukabaki kutazamana. Tulikuwa wanawake 8 wakati huo, nikachaguliwa kushika pesa kwa kuwa najua hesabu. Najivuna kidogo kwa hesabu, sitaficha.

Jioni moja lori kutoka kaskazini lilisimama kando ya barabara ya Gulu. Mwenye mahindi alikuwa na haraka, akaniuzia magunia mawili ya kilo 100, kila kilo kwa shilingi 1,400, chini ya bei ya sokoni. Sikumwita mwenzangu hata mmoja. Nilitaka waamke asubuhi waseme, "Huyu mama ni kiboko." Nililipa 280,000, pesa za watu wote, nikayasimamisha magunia sebuleni juu ya sakafu ya simenti, yameegemea ukuta. Mvua za mwezi ule mnazijua.

Siku ya tisa nyumba ilianza kunuka. Niliingiza mkono ndani ya gunia, kukawa na joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Mahindi yalikuwa ya kijani na meusi.

Wapo walioniambia nioshe, nianike, nisage, posho, yaani ugali, haina macho. Nilikataa. Sumu ya ukungu ule, sumukuvu, haiishi kwa kuoshwa wala kwa kupikwa, na ndiyo iliyowafanya Wakenya wayakatae mahindi yetu Machi 2021. Niliyachoma nyuma ya nyumba nikilia. Niliuza mbuzi wawili, nikamrudishia kila mtu 35,000 yake.

Hayo yalipita. Lisilopita ni jirani yangu mmoja aliyesema kisimani kwamba mazuri niliyauza usiku, nikawaonyesha mabovu. Miaka inakwenda, na bado nikichota maji nasikia sauti yake.

Kwa hiyo dada, la kwanza: chupa ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia kiganja cha nafaka na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika kadhaa, iache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka ina maji mengi, rudi nyumbani na pesa zako. Muuzaji atanuna. Mwache anune. Mimi sasa hainitoki kwenye kikapu.

La pili, msimtume mtu mmoja. Wawili daima, na wasiwe mtu na dada yake. Daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote siku ya kugawana, hata mnapopendana. Hasa mnapopendana.

Na magunia yalale juu ya mbao, mbali na ukuta. Hili ningelijua 2022 mbuzi wangu wangekuwa hai.

Nunueni msimu ukiwa umefunguka. Maharage mapya huingia sokoni Juni na Julai, tena Desemba na Januari. Aprili watu wanapanda, ukienda sokoni utalia. Nyinyi Arua mna soko lenu na mpaka wa Kongo karibu, bei zenu mnazijua kuliko mimi.

Wanawake wenzangu, niseme lililo moyoni. Bei inatuuma, ndiyo, lakini rejareja ndiyo inayotumaliza. Mafuta ya mia tano kwenye kaveera, kile kimfuko cha plastiki, sukari ya robo, mkaa wa mkebe. Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema, ila hawakusema kibaba cha nani. Changu kilijaa kwa mwenye duka. Tunasema hatuna pesa ya gunia, na kweli hakuna mmoja wetu aliye nayo. Kumi na wanne tunayo. Kinachotuzuia ni kuogopana, na kuogopana hakuondolewi na semina ya mtu kutoka Kampala. Chupa mezani, daftari wazi, watu wawili sokoni. Nimerudia, najua.

Loweka maharage usiku kucha pia, mkaa utapungua. Hilo mama yako alishakuambia.

Safari ya Kisenyi ijayo ni Ijumaa. Juzi yule jirani wa kisimani alikuja kwangu na elfu thelathini zimekunjwa kwenye leso, akauliza kama nafasi ipo. Nilimpa chai. Jina lake liko kwenye daftari, namba 15. Nimeliandika kwa penseli.